Grainda Siku ya Sabato

Mama alipewa ruhusa ya kurudi nyumbani, na ruhusa hiyo haikuwa ya kupona. Daktari alituita kando mimi na mama mdogo, yaani dadake mama anayemfuata, akatuambia tumpeleke nyumbani tukamwangalie huko, tumpe chochote atakachoweza kumeza. Koo lilikuwa limeziba. Hata uji mwepesi ulipita kwa taabu. Akasema atatuandikia karatasi za kutoka siku ya Jumapili, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilitoka pale nimekasirikia kila mtu: daktari, kuta zile za kijani, hata askari wa langoni aliyeniuliza kama nimesahau mwavuli.

Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa huko Magwagwa, na kibanda changu kiko hapo hapo sokoni. Mama alikuwa akiishi peke yake karibu na Marani, kwenye boma la baba. Ndugu zangu wawili wako Nairobi. Kwetu binti aliyeolewa hana sauti juu ya nyumba ya mamake, hiyo ni kazi ya wanaume wa boma. Lakini wanaume wa boma walikuwa wametuma salamu kwa miaka, na salamu haizibi ufa.

Maana sakafu ya mama ilikuwa nyufa tupu. Simiti aliyoimwaga baba ilikuwa imechoka, ikawa inatoa vumbi kutoka chini kama inapumua. Kila asubuhi mama aliinyunyizia maji ndipo afagie, akimaliza anakohoa mpaka anashika ukuta. Siku moja alialikwa chai kwa mke wa mchungaji, akarudi hana habari nyingine. “Wana tailizi sakafuni,” akaniambia. “Unapangusa mara moja tu na kitambaa, basi, imekwisha. Hata miguu inasikia raha.” Alikuwa amevua viatu vyake mlangoni kwa watu ili asikie raha hiyo. Aliwaambia wanawe mara ngapi, sijui. Kila Desemba walisema mwaka ujao.

Sasa hakukuwa na mwaka ujao. Na kuna jambo moja la kwetu ambalo nimelichukia tangu utotoni: mtu akifa ndipo nyumba yake inaona rangi. Mgonjwa atalala chini ya bati linalovuja mpaka akate roho, halafu mwili ukiwa bado uko mochari, ua unakatwa, choo kipya kinachimbwa, barabara inasawazishwa ili gari lipite, sebule inapakwa rangi ambayo hata haijakauka wageni wanapoanza kuiegemea, viti vinasogezwa ukutani kupisha jeneza. Ukisikia misumeno na nyundo katika boma lenye mgonjwa, huulizi. Unatafuta leso unaenda kulia. Nilikuwa nimeapa kwamba mamangu hatatengenezewa nyumba akiwa kwenye barafu. Angeikanyaga sakafu yake kwa miguu yake, akiwa anaona. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka, sikumwomba Mungu jingine, kwa sababu lile lingine nilikuwa nimeshaambiwa jibu lake.

Nikapiga simu Nairobi. Kaka mkubwa akasema, “Fanya tu, dada, sisi tutaona.” Nikanunua tailizi mjini Kisii kwa Mhindi mmoja mzee ambaye duka lao liko pale tangu kwa babu yake, na anaongea Kikisii kama mtu wa kwetu kabisa. Nikamtafuta fundi kutoka Mosocho. Akaja Jumanne, akapanga Jumanne na Jumatano, na sitamsingizia, alikuwa na mkono mzuri. Katikati ya sebule ilikaa imenyooka. Alhamisi saa nne akasema zimebaki za kukata tu, za kando kando na za milangoni, anaenda kuchukua mashine yake, dakika mbili. Ziko wapi dakika hizo mpaka leo? Simu yake ikawa haipatikani. Kumbe alikuwa amepata kazi ya ghorofa ya mtu.

Ijumaa asubuhi na mapema nikawa mbele ya duka la yule mzee kabla hajafungua. Nikamweleza kwamba nataka kukata mwenyewe.

“Wewe mwenyewe?” akauliza.

“Mimi hukata suti za maharusi, mzee. Hii ni nini?”

Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. Akaniwekea vitu vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa mashine ya mkono: kibao cha chuma chenye reli mbili na kigurudumu kidogo kikali. Unaweka tailizi, unavuta kigurudumu mara moja, kinachora mstari, unabonyeza mpini, tailizi inakatika taa! “Haina kelele, haina vumbi, haitaki stima,” akasema. “Lakini inakata mstari mnyoofu pekee. Ukitaka kipande chembamba kama vidole viwili hivi, itakuvunjikia. Na pembe ya mlango, hapana.” Cha pili kilikuwa grainda, ile mashine ya stima ya kukatia, na diski zake mbili, moja ya meno na moja laini ukingoni. Nikashika ile ya meno maana niliiona ina nguvu. Akaninyang’anya mkononi. “Hii ni ya mawe, mama. Itakula uso wa tailizi ikuachie mapengo. Chukua laini. Na unyunyizie maji unapokata, na uvae miwani.”

Cha tatu kilikuwa koleo, lile la midomo ya chuma kigumu. Akanionyesha kwa kipande kilichovunjika: unachora umbo kwa penseli, halafu unamega kidogo kidogo, punje kwa punje, mpaka pembe inatokea. Hakuna sauti ila kek, kek. “Kwa milango ya nyumba moja, hii inatosha,” akasema. “Grainda ni ya mtu mwenye kazi nyingi. Hii inataka tu moyo wa kungoja.”

Nikamwambia moyo huo sina. Nilimjibu vibaya hata, mzee wa watu. Nikamwambia mama anakuja keshokutwa, sina siku ya kukaa nikimega kama kuku. Nikachukua mashine ya mkono na grainda, koleo nikaliacha pale juu ya kaunta. Siku hizi nikipita mbele ya duka hilo ninavuka upande wa pili wa barabara.

Mashine ya mkono ilinipa furaha, siwezi kusema uongo. Mchana ule wa Ijumaa nilikaa kwenye veranda ya mama nikavuta, nikabonyeza, taa! Vipande vikatoka vimenyooka kama pindo la sketi. Nilivunja vinne vya kwanza kwa kubonyeza kwa hasira, halafu mkono ukaelewa. Kufikia saa tisa kando zote ndefu zilikuwa zimekwisha na nimezibandika. Zikabaki pembe: miimo ya milango mitatu, na kile kipande cha ukuta kinachochomoza karibu na chumba cha mama. Vipande saba. Nikachomeka grainda, kimya. Stima imepotea. Nikaenda kuuliza kwa jirani, naye hana. Nikakaa nayo magotini nikiitazama, na jua linashuka, na jua la Ijumaa likizama kwetu Sabato imeingia, hakuna mtu anayeinua hata jembe. Nikapanga vyombo nikalala na hasira zangu.

Stima ilirudi Jumamosi asubuhi, watu wakishuka kwenda kanisani.

Sasa nisikilize nilivyojidanganya. Nikajitafutia na andiko: ng’ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato si anatolewa? Basi mama je? Nikajiambia, kanisa liko chini kule karibu na mto, watu wataimba, watahubiriwa, hawatasikia. Nikajiambia nitafunga milango na madirisha. Vipande saba ni kazi ya saa moja. Wakirudi watakuta nimekwisha, nimeoga, ninasoma Biblia. Nilingoja mpaka njia ikawa tupu kabisa. Nikavaa miwani, nikajifunga leso mdomoni, nikawasha.

Yesu wangu! Wewe hujui sauti ya grainda mpaka uiwashe ndani ya nyumba iliyofungwa. Ilipiga yowe. Meno yaliniuma. Maji niliyonyunyizia yakarushwa ukutani, nikaacha kunyunyizia, vumbi likapanda jeupe likajaa sebule nzima, na mimi ninakata tu. Kipande cha kwanza kikapasuka. Cha pili kikatoka. Nilipofika cha tano nilikuwa nimejua namna ya kuiingiza taratibu bila kuisukuma, na pembe ikatoka kali, safi, ikaukumbatia mwimo wa mlango bila mwanya. Nilifurahi. Niliongea na mama kwa sauti, nikamwambia, njoo uone mwanao.

Sikujua kwamba kule chini mhubiri alikuwa ameshanyamaza. Niliambiwa baadaye. Alisimama na Biblia mkononi, watu wakatazamana, mzee mmoja wa kanisa akainuka akatoka nje kusikiliza inatoka wapi. Akarudi akasema: inatoka kwa yule mama mgonjwa. Basi. Ni nani atawasha mashine siku ya Sabato, katika boma la mgonjwa, kama si mtu aliyechanganyikiwa na kifo?

Nilizima ili nipime kipande cha saba, ndipo nikasikia vilio. Nikafungua mlango. Akina mama wa kanisa walikuwa wanapanda njia na nguo zao za ibada, mikono kichwani, wanalia ule mlio wetu unaotoka tumboni. Wa mbele alikuwa jirani yetu, mwanamke aliyenisuka nywele nikiwa mdogo. Alinikuta mlangoni nimejaa vumbi jeupe kuanzia nywele mpaka miguuni, akaniangukia kifuani.

“Uuuwi mwanangu! Mama ametuacha saa ngapi?”

“Ametuacha akaenda wapi?” nikamuuliza.

Kilio kikakatika nusu nusu, wa mbele wakinyamaza, wa nyuma bado wanakuja wakilia. Nikawaka moto. Niliwaambia maneno ambayo mtu hawaambii wakubwa zake. Niliwaambia hawana haya kumlilia mtu aliye hai, kwamba wanangoja matanga kama nzi, kwamba warudi walikotoka. Walinisikiliza. Halafu yule jirani akajipangusa machozi na akaniuliza polepole, bila ugomvi wowote, “Kama hajafa, kwa nini unakata Sabato?”

Jibu lilikuwapo, lakini kila nilivyolipanga lilikuja kwenye neno lile lile ambalo nilikuwa nimewatukana kwa ajili yake.

Na mambo yalikuwa yameshaharibika. Mmoja wao, akiwa bado njiani, alikuwa amempigia simu mama mdogo ampe pole. Mama mdogo masikio yake ni mazito, simu yake huiweka sauti ya nje siku zote, na wakati ule alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama anampapasa mgongo. Sauti ikajaa wodi: poleni sana kwa kuondokewa, tumesikia mashine, tunaona mmeshaanza kutengeneza nyumba, tunakuja sasa hivi kuwasaidia kufagia. Mama mdogo aliniambia alibonyeza bonyeza asijue pa kuzima. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake iliyobaki, “Mashine gani?”

Jumapili gari likafika. Nilikuwa nimepangusa sakafu mara sita. Iling’aa, naapa, hata katika ile nyumba ya mke wa mchungaji haikuwa vile. Mama alishushwa akiwa mwepesi kiasi kwamba dereva alishangaa, alidhani tutamhitaji. Tukatembea naye pole pole mpaka mlangoni, mama mdogo upande mmoja na mimi upande mwingine. Hapo akasimama. Akatazama ndani. Viti nilikuwa nimevisogeza ukutani pande zote ili simiti ya maungio ya katikati ipate kukauka, katikati pakawa wazi.

“Ni safi,” akasema.

“Ingia, mama. Vua viatu usikie.”

Aliendelea kutazama pale katikati pasipo na kitu. “Mmeshapanga na viti.”

“Ni simiti, mama! Inakauka! Nitavirudisha hata sasa hivi!” Nikaingia mbio, nikavuta kiti kimoja, nikavuta cha pili, nikavuta meza yake ya vitambaa nikaiweka katikati, natweta kama mwizi. Nilipogeuka alikuwa ameshaupa mlango mgongo. Alikuwa anamvuta mama mdogo kuelekea jikoni, ile nyumba ndogo ya pembeni iliyokandikwa, yenye moshi na mafiga matatu.

“Nitakaa hapa,” akasema. “Kule nitaingia mkiniingiza.”

Alikaa jikoni siku ishirini na nne. Nilimwekea kitanda, nikaziba matundu ya ukuta kwa magunia. Kila siku nilimwomba. Nilipiga magoti. Siku nyingine nilimfokea, mgonjwa wa watu, nikamwambia ananiua mimi kabla yake. Nilimweleza yote: fundi alivyotoroka, stima ilivyopotea, kwamba nilitaka afurahi akiwa hai, kwamba ni kinyume kabisa na walivyodhani. Alinisikiliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele. Hakunilaumu hata mara moja. Moshi ulimfanya akohoe, na mimi niliyetaka kumwondolea vumbi nikawa ndiye ninayempulizia kuni.

Siku moja akiwa ameketi kwenye kigoda anaota moto, nilichukua tailizi moja iliyobaki, nikaiosha, nikaipasha kidogo karibu na jiko isiwe baridi, nikaiweka chini ya miguu yake. Nilidhani kama sakafu haifikiki, basi sakafu imfuate. Aliitazama. Akainua mguu mmoja kwa mikono miwili, akauweka pembeni kwenye udongo. Akainua na wa pili. Kisha akaniuliza, “Ulikuwa unashindana na nani, mwanangu, hata Sabato ikakushinda kungoja?”

“Nilitaka ukute imekwisha.”

“Ningekuta vipande saba havipo. Ingekuwa nini? Ningeruka.” Akapumzika, maana maneno mengi yalimchosha. “Ningejua unaona siku bado zipo. Sasa najua uliona hazipo.”

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu aanze kuugua. Nililia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Wanawake wale hawakukosea sana. Nilikuwa nimeisikia habari ya daktari nikaanza mbio zile zile za boma lenye msiba, haraka ile ile, jasho lile lile, tofauti ni kwamba mwenyewe alikuwa bado anaweza kusikia. Nilijiona mwenye upendo kuliko wote, na kumbe nilikuwa wa kwanza kumzika. Nikamwambia anisamehe. Akasema hana cha kusamehe, nimletee uji. Alimeza vijiko viwili.

Alikufa asubuhi ya Jumatano, mama mdogo akiwa amemshika mkono, na mimi niko shambani ninachuma chinsaga, zile mboga chungu alizozipenda, ambazo hata zingepikwa hazingepita kooni.

Ndugu zangu wakaja. Ua ukakatwa. Choo kikachimbwa. Walipoingia sebuleni kaka mkubwa alizunguka akitazama chini, akainama akapitisha kidole pale tailizi inapokutana na mwimo wa mlango, akasema hata fundi wa Nairobi hawezi hivi. “Angalau huku ndani kuko tayari, dada. Umetuokoa.” Nilitoka nje kabla sijamrushia kitu.

Siku ya mazishi walimleta. Wanaume sita walilibeba jeneza mpaka mlangoni, kulikuwa kumenyesha na viatu vyao vimejaa matope. Wa mbele akaona ile sakafu, akasita, akawaambia wenzake wangoje. Wakavua viatu, mmoja mmoja, huku wengine wamelibeba. Wakaingia na soksi, wengine miguu mitupu, na nikamsikia mmoja wao, kijana wa jirani, akimnong’onezea mwenzake kwamba miguu inasikia raha.

Mama alikuwa amelala ndani ya sanduku, na gauni lake la Sabato, na soksi nyeupe nilizomvalisha mwenyewe. Walimweka pale katikati, juu ya viti viwili.